Kofia Zangu Hazikufika Wodini

Shoga, uko? Nimejifungia bafuni, mtoto yuko na baba yake. Aibu niliyoipata leo kwenye kikundi cha kufuma, acha tu!

Si unazijua zile kofia za watoto njiti tunazopeleka wodini? Leo Bibi Sindano, kiongozi wetu, kanipa uzi nianze nyingine. Nikauona umejikunjakunja kama tambi. Halafu una doa la uji, ule aliomwaga mwanangu! Huu ni uzi wa kofia yangu ya wiki jana.

Nikamuuliza, "Bibi, hii si kofia yangu?"

Sindano zote zikasimama.

"Mwanangu," akasema taratibu, "unakaza mno. Kichwa cha njiti ni laini, kingebanwa. Nimekuwa nikizifumua zote, nikaona vibaya kukuambia."

Zote! Zote, shoga! Nami nilivyojaza picha za kofia hizo kwenye status!

Mmoja akasema, "Uzi huo umechoka, uombewe likizo!" Nikacheka nao huku machozi yananitoka.

Wewe unajua kwa nini nakaza. Wangu alipozaliwa njiti, kofia yake ilikuwa ikimtoka kila mara, kichwa kinapigwa baridi. Niliapa zangu hazitamtoka mtoto wa mtu.

Nikamwambia Bibi hivyo. Akanishika vidole, akavilegeza kimoja kimoja. "Anza upya, nakuangalia."

Nimeanza. Ila zile pongezi zako kwenye picha zifute, tafadhali. Utanipa nyingine siku kofia yangu itakapovaliwa.