Gauni la Rozi

Jumamosi, Usinge

Laiti ningeamka na homa leo, angetumwa mtu mwingine.

Rozi tulimzika juzi, kafa kwa surua, na matanga hayajaanuliwa. Lakini Mchungaji anasema familia ya huko Ulaya inayomfadhili inangoja picha yake. Wakisikia amekufa wataacha kutuma chakula, na tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa hatujavuna kitu. Kwa hiyo Tatu, binti wa jirani, ndiye atakuwa Rozi. Hawatajua, anasema. Kwao tunafanana.

Mimi mkalimani wa Mchungaji nikatumwa kuchukua gauni la njano walilomletea Rozi. Nguo ya marehemu haiguswi kabla ya kuanua matanga. Mchungaji halijui hilo, nami sikumwambia. Nimechoka kubishana naye.

Mama Rozi alinipa gauni likiwa limekunjwa vizuri.

"Nimeshusha pindo," alisema. "Tatu ni mrefu."

Hakulia. Afadhali angelia, ningepata la kufanya.

Picha ikapigwa, mama yake Tatu akitazama kando. Kisha Mchungaji akasimama mlangoni mwa ghala, akaita kwa Kiswahili chake kibovu, "Mama Rozi, njoo chukua unga."

Akainuka na kikapu chake, kama alivyozoea. Sote tukatazama chini.

Mchungaji akaniambia neno kwa lugha yao, bila hata kushusha sauti. Nikalitafsiri lilivyo, maana ndiyo kazi ninayolishiwa.

"Siyo wewe, mama. Keti. Mama Rozi ni yule pale."