Mwezi Tuliouona Uani

Mume wangu Sudi,

Salamu nakuletea kwa kuwa ni wajibu. Za moyoni usiniulize.

Jana alasiri mtu wako kutoka Unguja alipiga hodi, akakaa barazani, akanywa kahawa yangu, ndipo akasema umemtuma aje achukue darubini. Ramadhani inakaribia, na huko ulikohamia watu wamesikia kwamba wewe ni hodari wa kuangalia mwezi. Hodari! Nilicheka mpaka mgeni akaweka kikombe chini.

Mwaka mzima hujauliza nimekula nini, nimelalaje. Unaulizia darubini.

Unakumbuka siku uliyoileta? Darubini ndogo ya shaba, umeinunua dukani mtaa wa Ndia Kuu, nami nikanuna kwa kuwa paa lilikuwa linavuja. Jioni hiyo hiyo ukanivuta uani, ukapindua kinu changu, ukailaza juu yake. Kumbe hukujua kufumba jicho moja. Ukifumba la kushoto, la kulia nalo linafuata. Nikasimama nyuma yako nikakuziba kwa kiganja, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu: kinu, darubini, na mkono wangu usoni pako. Tuliona ile sayari ya Mushtari na vinyota vyake vinne vimejipanga ubavuni. Wewe ulinifundisha majina, mimi nikakufundisha kutulia. Nilikupenda sana pale uani, Sudi. Hilo nalisema kwa hasira, lakini nalisema.

Kisha ikaja ile ishirini na tisa ya Ramadhani. Mawingu yalitanda magharibi, mji mzima ukakata tamaa. Ua wetu ulikuwa wazi upande wa Makupa, kule linakotua jua, wingu likapasuka kidogo, nikauona mwezi wa Idi mimi kwanza. Nikakupisha, nikakuziba jicho.

"Wallahi ndio wenyewe," ukasema. "Mwembamba kama ukucha."

Ukavaa kanzu, ukakimbilia msikitini. Ulirudi ukanisimulia. Wazee walikuuliza ni nani mwenzio aliyeuona, ukaona haya kusema ni mkeo, tena juu ya kinu cha kutwangia. Ukawaambia ulidhani tu, hukuona kitu.

Kesho yake mji ukaendelea kufunga saumu. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba aliyeuona mwezi kwa jicho lake Idi imemwingilia, hafungi, ila ale kwa siri. Tukajificha jikoni tukala mikate ya kumimina kwa chai, tukicheka kama watoto. Bi Rehema, jirani yetu, akaingia kwa mlango wa uani kuomba kaa la moto.

"Subhana'llah! Mtana huu wa Ramadhani, Zuwena?"

Nawe ukafuta mdomo, mume wangu. Ukainuka.

"N'memkanya, hasikii," ukamwambia.

Makombo yalikuwa bado kwenye ndevu zako. Lakini nani angekuangalia wewe?

Tangu siku hiyo mimi ndiye mla Ramadhani wa mtaa wetu wa Bondeni. Kwenye harusi siitwi tena kupika. Nikipeleka sahani kwa jirani, inarudi na chakula kama kilivyo. Wewe ukapanda meli kwenda kutafuta kazi, ukaniachia jina hilo nilivae peke yangu. Nimechoka nalo. Nakuchukia kwa ajili yake, na nataka ulijue hilo kabla hujafuturu popote mwaka huu.

Basi sikiliza. Darubini ipo juu ya kinu, nimeisugua kwa ndimu na majivu, inang'aa. Haitoki. Mtu wako nimemrudisha mikono mitupu. Ukiitaka, njoo mwenyewe, usimame mbele ya Bi Rehema mchana kweupe, useme: niliuona, na nilikula. Sitaki nguo wala fedha, nataka maneno hayo tu.

Wala usijitetee kwamba wingu lilikudanganya. Mkono wangu ulikuwa usoni pako. Nilihisi kope zako zikipapatika kiganjani ulipouona. Mji mzima unaweza kuudanganya, mkono huu huwezi.

Mwezi ukiandama nitauangalia peke yangu, na safari hii nitatoka niuseme mwenyewe mpaka mlangoni mwa msikiti. Wakiniuliza ni nani shahidi wangu kwamba najua kuuona, nitataja jina lako.

Mimi mkeo, uliyekula naye,
Zuwena