Msituni na Mama Mkwe

Jumanne, Julai 1953

Miguu imevimba. Tangu alfajiri tumepanda na kushuka milima ya msituni, mama mkwe mbele, mimi nyuma, mbung'o wakituuma shingoni. Kila nikiomba tupumzike ananijibu, "Geita haitusogelei." Nilikasirika, nikaendelea kutembea.

Jioni, juu ya kilima, alikaa chini bila kuombwa. Nikamwambia ninachoogopa: mume wangu hajaandika barua tangu masika, labda huko mgodini Geita ameoa mwingine.

"Hata mimi naogopa hivyo, mwanangu. Ndiyo maana nakimbia."

"Tukimkuta naye je, mama?"

Alifunga kanga yake upya. "Nitamsalimu, kwa kuwa nilimzaa. Kisha nitarudi nyumbani na wewe."

Sasa amelala. Nimemfunika kwa shuka langu.