Faili la Ukoo Limefunguka

Jumapili, Nyasubi. Asubuhi mvua imenyesha kidogo, sasa jua limerudi, na mimi nina furaha ya kijinga kabisa.

Faili limefunguka!

Wiki yote nimekuwa nikiwachekea ndugu huku roho iko mkononi. Jumamosi ukoo mzima unakutana kwa bibi, Ibadakuli, na mimi ndiye niliyekabidhiwa majina: nani kazaliwa na nani, tangu mababu. Bibi mwenyewe alinitajia yote mwaka jana, nami nikayaingiza kwenye Excel. Siku hizi kumbukumbu yake inakuja na kuondoka. Faili likipotea, sina wa kumuuliza tena.

Nililifunga kwa nenosiri kwa sababu ya binamu yangu Masanja. Baba yake ni Doto, pacha mdogo. Nilipompa Masanja faili alisome, akambadilisha baba yake kimyakimya, akamwandika Kulwa, yaani pacha anayetangulia kuzaliwa, ili awe mkubwa. Jamani! Nikarekebisha, nikafunga kwa hasira, na hasira ilipoisha nenosiri likaondoka nayo. Nimejaribu jina la mume, la mtoto, mpaka la ng'ombe wetu. Wapi!

Leo nikasema liwalo na liwe. Nikampigia bibi nimwombe radhi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mayu wane. Mhola?"

Mhola ni habari gani kwa Kisukuma; mayu wane ni mama yangu. Nimerithi jina la mama yake, ndiyo maana ananiita hivyo tangu utotoni, na hapa mjini hakuna anayejua. Kumbe ndiyo sababu nililichagua liwe nenosiri! Nikaliandika huku simu nimeibana begani, na mistari yote ikatokea. Nikapiga kigelegele.

"Nani kajifungua?" bibi akauliza.

"Ukoo mzima, bibi!"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikaanza kumsomea majina kuanzia juu, na kila jina akaliitikia kama darasani mwalimu anapoita mahudhurio: yupo. Kulwa, yupo. Doto, yupo. Nikafika kwa mama yake, aliyefariki hata mimi sijazaliwa. Yupo, akasema, kwa sauti kubwa kuliko zote.

Sikumsahihisha. Machozi yalinitoka, lakini ya raha.

Nenosiri nimeliondoa. Masanja nitakaa naye meza moja, nimchunge kwa macho.

Jumamosi tutakuwa wengi.