Jina la Kaka Yangu Katika Barabara ya London

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kasulu hatujambo, na maharage yamekubali. Umeuliza kama nimewahi kuona maandamano ya wapenzi wa jinsia moja. Niliyaona London miaka ya tisini, siku ya mapumziko ya kozi yetu ya wauguzi. Watu walikuwa wakicheza ngoma, mara barabara nzima ikanyamaza. Mzee mmoja kando yangu akanieleza, "Tunawataja waliokufa kwa UKIMWI. Nawe taja wako."

Kaka yangu tulimzika Kibondo tukisema ni malaria. Nikasema, "Yohana."

Mzee akalirudia jina hilo taratibu, na waliotuzunguka wakalipokea. Watu nisiowajua kabisa, Neema, wakimwita kaka yangu bila kunong'ona.

Nakukumbatia,
Bibi yako