Betri Zilizoanikwa Juani

Bibi,

Shikamoo. Nakupa hiyo moja kwa heshima ya kaburi, usizoee. Ungekuwa hai ungejibu, "Marahaba, mume wangu mvivu," halafu ungenyoosha mkono kudai kigemu kabla hata sijatua begi.

Nakuandikia kutoka shuleni Korogwe, Jumamosi mchana. Wenzangu wamemzunguka Jofrey, yule kijana aliyehamia kutoka Dar niliyekusimulia. Alikuta gazeti la Kiingereza la mambo ya magemu ndani ya robota la mitumba dukani kwa baba yake. Lina miaka mitatu hilo gazeti, lakini anatusomea kama taarifa ya habari. Mashine mpya inakuja, inatumia sahani badala ya kaseti, ina biti thelathini na mbili, na wacheza mpira wa humo ndani wanatoka jasho linaloonekana. Bweni zima linaguna kwa kutamani. Nilimwuliza biti ni nini, akasema ni nguvu. Nguvu ya nini, hajui. Na hilo jasho, anayetaka kuliona apande milimani kwetu Bungu msimu wa palizi, atalitazama bure mpaka achoke.

Karibu na soko kuna kibanda wamefunga televisheni na mashine ya gemu. Nilikwenda mara moja. Kaseti imeandikwa gemu elfu moja ndani ya moja. Nilizipekua, Bibi. Ziko nane. Zilizobaki ni hizo hizo nane zimebadilishwa rangi ya nguo. Pedi imefungwa kwa mpira wa baiskeli, kitufe cha kuruka ukikibonyeza hakirudi, na mwenye kibanda anakwambia ufundi ni wa mchezaji. Watu wazima na akili zao wamepanga foleni. Ungetema mate pembeni ukaenda zako.

Hawajui gemu ni nini hawa. Wewe ulijua, na kalamu hukuwahi kushika. Siku niliyokuja na kile kigemu cha mkononi cha kupanga matofali, mama alichoninunulia Segera kwa wale wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabasi, ulikitazama ukasema, "Hii ndiyo shule yenyewe?" Kesho yake nilikukuta nacho jikoni, ugali unaungua. Vipande vinavyoshuka ukavipa majina yako. Kirefu ukakiita mchi, cha mraba sanduku, kilichopinda jembe. Ulikuwa unapanga ukuta wako taratibu, unaacha tundu moja upande wa kulia, unasubiri mchi. Ukishuka, mistari minne inaondoka kwa pamoja, na wewe hukitazami kioo, unanitazama mimi. "Wamekufundisha nini huko Korogwe?" Rekodi yako alama elfu kumi na nane na mia tatu. Mimi elfu kumi na mbili sijawahi kufika.

Sasa nikwambie yaliyotokea, maana hakuna mwingine atakayekwambia.

Siku tuliyokuzika nilikuaibisha. Unajua mwenyewe kwetu mjukuu ndiye anayemtania marehemu, anavaa kanga yake, anatembea kama yeye, mpaka wafiwa wacheke. Walinivika kanga yako. Shangazi Mwanaidi akanisukuma katikati ya uwanja. Nilikuwa nimepanga kukuigiza unavyocheza kigemu, ulimi nje, viwiko juu. Nikainua mikono, vidole gumba vikakaa mahali pake, basi, nikalia. Hakuna aliyecheka. Mjukuu aliyeshindwa kumtania bibi yake, hilo Bungu nzima wanalo mpaka leo.

Nikajipoza kwamba angalau rekodi yako ipo. Kile kigemu kinakumbuka alama za juu maadamu betri zimo ndani. Ukizitoa, kimesahau kila kitu. Kwa hiyo sikukicheza tena. Nilikuwa nakiwasha, naitazama namba yako, nazima. Kioo kikaanza kufifia, nikajiambia bado nina muda.

Siku ya arobaini yako nilikiacha dirishani nikaenda kuchota maji ya hitma. Shangazi akakiwasha, akaona kioo kimefifia. Akafanya wanachofanya watu wote wa Bungu redio ikianza kukoroma. Akatoa betri, akazianika juani kwenye ungo, pembeni ya mahindi. Niliporudi alikuja kunipokea ndoo huku anatabasamu. "Nimekuanikia betri zako, zimepata joto." Kwa mapenzi kabisa, Bibi. Nikazirudisha ndani. Kioo kikawaka vizuri, na juu yake sifuri.

Sikumwambia. Nilisema ahsante Shangazi, nikaenda kukaa nyuma ya migomba. Nilimchukia kwa muda wa kama robo saa, kisha nikawachukia waliotengeneza kitu kinachomsahau mtu kwa sababu ya betri mbili. Juzi Jofrey katusomea kwamba mashine mpya ina kikadi cha kuhifadhi alama hata umeme ukikatika. Hiyo ndiyo habari pekee ya maana kwenye gazeti lote, na imenifikia baada ya arobaini.

Basi nikutanie sasa, kwa kuwa pale uwanjani nilishindwa. Wewe bingwa, mdharau shule za watu, mwunguza ugali, una sifuri. Mimi jana nimepata elfu tatu na mia moja, tena kwa kucheza vibaya. Ukiiuliza mashine, bingwa wa ukoo ni mimi. Kaa na hilo.

Jana hiyo hiyo niliacha tundu upande wa kulia kama wewe. Mchi ukashuka, mistari minne ikaondoka, nikainua kichwa kukutazama. Nimekukumbuka, Bibi. Nakuchukia kwa kunizoesha vile.

Namba yako nimeikwaruza kwa msumari mgongoni mwa kigemu, nisije nikajidanganya. Betri mpya ninazo, na Shangazi hatazigusa. Nitacheza mpaka nikupite. Siku hiyo nitapanda Bungu na kanga yako, nitawaita wote walioniona nikilia, nitasimama kando ya kaburi lako nikuigize, ulimi nje, viwiko juu, mpaka mwisho.

Lala, mke wangu. Ukisikia watu wanacheka huko juu, ujue nimekupita.

Mume wako mvivu,
Hoza