Flashi Nimeondoka Nayo

Baba, chakula kiko jikoni, kipashe moto. Fundi bomba akija, mfungulie.

Flashi nimeiona ulikoificha asubuhi, chini ya mapazia, na nimeondoka nayo. Umeniita sikio la kufa, eti mpiga picha hodari hategemei taa. Ukumbi wa leo una giza, na gizani kamera huhangaika kutafuta sura ya mtu. Flashi humrushia kwanza mwanga mwekundu, kamera ikamwona, ndipo ninapopiga. ~~Samahani kwa kukujibu vile.~~ Sifuti hata neno moja nililokujibu.

Ukiwa unakula, itazame ile picha ya harusi ya dada pale ukutani, uliyoipiga bila flashi. Keki imetoka safi kabisa. Dada ni ukungu.

Kitindamimba wako,
sikio la kufa